Shimo Chini ya Kitanda cha Mama

Nyumbani, 3 Machi

Mpwa wangu,

Kaa chini kwanza. Umekaa? Kama bado, vuta kiti, maana una mimba ya miezi sita na habari hii ingemwangusha hata mwanamume mwenye ndevu. Tumepata dhahabu.

Usicheke. Nakuona kutoka huku unavyocheka. Ile ya chatu niliyemfunga tai shingoni akanifuata hadi ofisi ya kodi, sawa, nilitia chumvi. Hii haina chumvi hata punje. Mama yako ni shahidi, na unajua dada yangu huyo hajakubaliana nami jambo lolote tangu tukiwa na meno ya utoto.

Sikiliza mambo yalivyokuwa. Mzee Kipara, yule mwosha mchanga wa dhahabu wa pale karibu na geti la mgodi, amechoka, anahamia kwa mwanawe. Nikamkuta anafunga virago, na kando yake kinu cha chuma alichosagia mawe miaka thelathini. Kinu kizito kama mkwe asiyetaka kuaga. Nikamwambia, "Mzee, hicho utakibebaje?" Akasema, "Nipe simu yako, ukichukue wewe." Nikampa. Ndiyo maana ukipiga hupati mtu, na nyumba haina simu nyingine. Wala sijutii. Simu inakata maneno, na mimi unanijua, maneno yangu hayataki kukatwa.

Sasa unakumbuka ule ufa kwenye sakafu ya chumba cha mama yako? Mgodi unalipua baruti chini kwa chini kila siku saa tisa alasiri, na nyumba yetu iko hatua mia mbili kutoka kwenye uzio wao. Vikombe vinacheza kabatini, ufa unapanuka. Majirani wote wamehamishwa, tumebaki sisi wawili kama meno ya kikongwe. Mwingine angeuona ufa ule ni balaa. Mimi niliuona ni mlango. Nikasema, kama wao wana dhahabu upande ule, nani aliiambia isimame kwenye uzio?

Basi nikachukua mawe sehemu saba za kiwanja. Nilianza na la chumbani, ndani ya ufa wenyewe, kwa sababu siku ile mvua ilikuwa inanyesha, na mtaalamu halowi kwa ajili ya jiwe. Mvua ilipokatika nikaendelea: jikoni, kisimani, kwenye mpaka, hadi yakatimia saba. Kila jiwe nikalisaga kwenye kinu, unga kidogo nikauosha kwenye karai. La chumbani, mpwa wangu! Lilitoa mkia wa njano chini ya karai, unang'aa kama jicho la paka. Mama yako akainama, akatazama, akatazama tena, kisha akaenda kuketi kitandani. Aliyesema ni mimi, kama kawaida.

Wewe uko maabara, unapima mawe ya watu kutwa kucha. Pima na ya kwenu. Nakutumia unga, mifuko saba, nimeandika namba moja hadi saba kwa mfuatano wa kusaga. Nimempa utingo wa basi, nikamwambia ni dawa ya mjamzito, akiifungua atavimba yeye.

Mjomba wako,
Mtaalamu wa Miamba


Mjini, 12 Machi

Mjomba, shikamoo.

Mama hajambo? Umejaza kurasa mbili, hukuniambia hata kama kile kikohozi chake kimepoa.

Nimepima. Nimepima mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza sikuyaamini macho yangu. Mfuko wa kwanza, wa chumbani, umetoa gramu thelathini na moja kwa tani. Mjomba, watu hufungua mgodi kwa gramu tano. Wa pili kumi na nne. Wa tatu sita. Wa nne tatu. Wa tano moja. Wa sita na wa saba, karibu na bure. Mkuu wangu alivua miwani, akaifuta, akaniuliza mawe haya ni ya nani. Nilimwambia ni ya mteja.

Sitakuficha. Nilijenga nyumba nzima kichwani nikiwa nimesimama mbele ya mizani, hadi mapazia. Kisha nikakumbuka mfuko wa kwanza umetoka wapi.

Mama yangu analala hapo. Na chini ya hapo mgodi unalipua baruti kila siku. Nakuomba sana, usiweke sururu kwenye sakafu ile mpaka nimuulize mkuu wangu vizuri. Kuna kitu kwenye namba hizi kinanisumbua na bado sijakijua. Zinashuka vizuri mno, kama ngazi. Dhahabu haina miguu, Mjomba. Itatungoja.

Daktari amesema shinikizo la damu limenipanda, nisisafiri. Mume wangu yuko njiani na lori lake, atarudi mwisho wa Aprili. Kwa hiyo siwezi kuja kukuzuia kwa mikono. Nakuzuia kwa kalamu.

Mpwa wako


Nyumbani, 21 Machi

Mpwa wangu,

Thelathini na moja! Barua yako nimeisoma kwa sauti, kisha nikaisoma tena nimesimama juu ya kiti. Pale ulipofika kwenye ushauri, karatasi ilikuwa imemwagikiwa chai, sikuona vizuri.

Tumeanza. Usigutuke. Nimefanya kitaalamu. Kitanda cha mama yako nimekisukumia kwenye kona, na shimo liko katikati ya chumba, mdomo wake mraba, nimeuzungushia mbao. Tukimaliza kazi tunafunika kwa mlango wa lile banda la kuku, juu yake mkeka, juu ya mkeka viatu vya mama yako. Mgeni akichungulia anaona chumba cha mwanamke nadhifu.

Nina watu watatu. Mmoja ni fundi wa visima, mtu mzima, mikono kama reli. Wawili ni ndugu pacha ambao hawaongei, wanafukua tu, tumewaita Mchwa. Wamekubali kufanya kazi kwa fungu la kitakachopatikana. Nimewaambia kwamba mimi nilikuwa mpasua miamba daraja la kwanza kwenye mgodi ule kabla wao hawajaota meno, sasa wananipigia saluti. Mama yako alikohoa niliposema hivyo. Ni vumbi.

Tumefika mita nne na jiwe limeanza kuwa jeusi, lenye mishipa myeupe. Nikaliweka sikioni. Linavuma.

Jana alikuja bwana mmoja wa mgodi, kofia ngumu, buti, karatasi yenye mhuri. Nilimkabili nje, sikumruhusu kuugusa mlango. Nikamtazama hivi, kutoka juu hadi chini, mpwa wangu, mtu akaanza kutetemeka hadi kofia ikamdondoka. Nikaweka sahihi yangu, ile yenye mkia, akashukuru, akaondoka kinyumenyume. Mama yako alikuwa kisimani, sikumwambia. Dada yangu akiona mhuri kichwa kinamuuma, na maji ya kisima yenyewe yamepungua, kamba imebidi iongezwe mara mbili mwezi huu. Ana ya kwake ya kutosha.

Mjomba wako,
Kamanda wa Shimo


Nyumbani, 30 Machi

Mwanangu,

Mjomba wako hajui kwamba nakuandikia. Nyumba hii ina kalamu moja, nimemwibia.

Najua unavyomwona. Mimi ndiye niliyemlea, namjua kukushinda. Kule mgodini alikuwa anaosha masufuria jikoni, na leo anawaambia wale watu kwamba alikuwa anapasua miamba. Hata shimoni hashuki. Anasimama juu ameshika kamba, anapiga kelele, "Kamanda hukaa juu!" Ukweli ni kwamba alipokuwa mdogo alitumbukia kwenye shimo la choo lililokuwa linachimbwa, akakaa humo tangu asubuhi hadi alasiri tukimtafuta kwingine. Tangu siku hiyo hata kiatu kikiingia uvunguni anataka mtu amtolee.

Lakini hili ni kweli, mwanangu. Niliona kwa macho yangu haya, kwenye karai. Miaka hamsini watu wanamcheka ndugu yangu, nami nacheka nao, kisha naingia ndani roho inaniuma. Safari hii amesema kweli. Sasa ameshika kweli moja maishani mwake, nimwachie aishike peke yake?

Usiniambie nihame. Nyumba ni ya wazazi wetu. Saa tisa ikilia huko chini nashika tu nguzo ya kitanda, nasubiri, inapita. Mlio ndio umebadilika. Zamani ulitoka upande wa uzio. Siku hizi sijui unatoka upande gani, unaniingia kwa nyayo. Na mlango wa chumba hauingii tena kwenye fremu yake. Nadhani ni mvua, mbao zimevimba.

Nitakuja ukifika mwezi wa tisa, kama tulivyopanga. Mpaka hapo lalia ubavu wa kushoto, na usibebe ndoo.

Mama yako


Mjini, 8 Aprili

Mjomba, shikamoo.

Soma barua hii mpaka mwisho, na chai iweke mbali.

Nimejua kilichokuwa kinanisumbua. Hapa maabara, kabla hatujasaga jiwe la mteja, tunasaga kwanza mchanga mtupu na kuumwaga, kwa sababu unga wa jiwe la jana hubaki kwenye mashine na kuchanganyika na jiwe la leo. Wiki iliyopita mwenzangu mmoja alisahau. Jiwe lisilo na kitu likasoma dhahabu. Kila mtu alicheka. Mimi nilishika kichwa.

Kinu cha Mzee Kipara kimesaga mawe yenye dhahabu miaka thelathini. Ulikisafisha kabla ya kuanza? Dhahabu yake imo kwenye kila kitundu cha chuma kile. Jiwe la kwanza ulilosaga ndilo lililoikomba. La pili likakomba iliyobaki. La tatu vivyo hivyo, la nne, mpaka la saba likakuta kinu kitupu. Namba hazishuki kwa mahali, Mjomba. Zinashuka kwa zamu ya kusaga. Ungeanza na jiwe la jikoni, leo mngekuwa mnachimba jikoni. Mnachimba chumbani kwa mama yangu kwa sababu siku ile mvua ilinyesha, basi.

Inawezekana nimekosea. Kwa hiyo nitumie jiwe zima, lisilosagwa, la chini kabisa ya shimo. Nitalisaga mwenyewe. Na mpaka jibu litoke, asishuke mtu.

La pili. Mpima ramani wa mgodi huwa analeta mawe hapa. Nilimuuliza kijuujuu. Anasema njia yao mpya ya chini inaelekea mashariki na imeshapita uzio. Mashariki ya uzio kuna nani, kama si sisi? Ile karatasi uliyotia sahihi ilisema nini? Mama anasema mlango haufungi. Hizo si mbao zilizovimba, ni fremu iliyohama.

Mpwa wako


Nyumbani, 15 Aprili

Mpwa wangu,

Nimepokea hotuba yako. Nyinyi mliosoma mna ugonjwa mmoja: mkiona mtu wa kwenu ameokota kitu, lazima mkague kwanza mkono aliookotea. Kinu! Kama kinu kinazaa dhahabu, basi ningesaga kiatu nikawa tajiri, ya nini kusumbua watu na sururu?

Jiwe nakutumia, la mita kumi na sita, ili uaibike kwa maandishi. Barua yako sijamwonyesha mama yako, wala wale watatu. Mambo ya kitaalamu yabaki kwa wataalamu. Karatasi ya mgodi ilikuwa taratibu za ujirani tu, usiikuze.

Sasa nikupe habari zitakazokunyamazisha. Shimo limeanza kupumua. Nasema kupumua. Chini kabisa, ukutani, kuna ufa mwembamba kama ukucha, na humo inatoka hewa ya moto, mshumaa ukiusogeza unalala. Inanuka kama kiberiti kilichozimwa sasa hivi. Fundi wa visima amechimba miaka ishirini, anasema kisima kinachopumua hajawahi kukiona. Nikamwambia hilo ni joto la mshipa, dhahabu ikikaribia hutoa jasho. Wakashangilia.

Na jana wale Mchwa, ambao hawaongei, walipanda juu wakaongea. Wanasema wamesikia mtu anakohoa. Si juu. Mbele yao, ndani ya jiwe. Wakagonga kwa nyundo mara tatu. Kikohozi kikakatika. Kisha upande wa pili pakagongwa. Mara tatu.

Nikawaambia ni mwangwi. Nikawasimulia nilivyowahi kugombana na mwangwi bondeni siku tatu mfululizo, na neno la mwisho likawa lake. Wakacheka, wakashuka tena. Mimi nikabaki nimeshika kamba. Nikaizungusha kiunoni mara mbili, ingawa nilikuwa nimesimama juu.

Nijibu upesi. Si kwamba nina wasiwasi.

Mjomba wako


Mjini, 21 Aprili

Mjomba,

Jiwe halina kitu. Nimelisaga mwenyewe kwenye chombo safi, nimepima mara tatu. Sifuri, sifuri, sifuri.

Na mwangwi haukohoi. Wale ni wachimbaji wa mgodi. Mmewafikia. Kati yenu na wao pamebaki ukuta wa jiwe ambao mtu anasikika akikohoa upande wa pili, na ukuta huo wao huutegea baruti.

Nimepiga simu ofisi ya mgodi. Nikamwambia karani kuna watu kwenye nyumba ile. Akafungua faili, akanisomea: "Jengo ni ghala, halikaliwi na mtu, mwenyewe amethibitisha kwa sahihi." Nikamwambia mama yangu analala humo. Akasema, "Dada, aliyesema ni mwenye nyumba, si sisi. Lakini tutafuatilia." Anayefuatilia sijui ni nani. Nikamuuliza wanalipua lini upande ule. Akasema kuanzia tarehe ishirini na nne, saa tisa kama kawaida, ila baruti itakuwa mara nne ya ile ya kila siku.

Ghala, Mjomba?

Daktari amenilaza hospitali, naandika nikiwa chali. Siwezi kuja. Barua hii ikikufikia, mtoe mama siku hiyo hiyo, na wale watu watatu. Waambie ukweli. Sikuombi kitu kingine maisha yangu yote. Waambie ukweli tu.

Mpwa wako


Kituo cha mabasi, 24 Aprili, saa saba na nusu mchana

Mpwa wangu,

Barua yako imenifikia leo saa nne asubuhi. Naandika juu ya goti, basi linaondoka saa nane. Sina nafasi ya kupamba.

Ni kweli, nilisema ni ghala. Yule bwana hakutetemeka wala kofia haikudondoka. Aliniuliza kwa heshima kabisa, "Mzee, humu analala nani?" Nikajua nikimtaja dada yangu watatuhamisha wiki ile ile na shimo litakuwa limekwisha. Nikamwambia hakuna mtu, ni magunia tu. Nilisema kama ninavyosema mambo yangu yote, yakatoka bila kukwaruza koo.

Leo nimefanya ulivyoniagiza. Nimesema ukweli mara tatu tangu asubuhi, na nikuambie, mpwa wangu, hiyo ni kazi ambayo sikuisomea.

Nilianza na mama yako. Nilimsomea barua yako neno kwa neno. Akaniuliza, "Wamekununua?" Nikasema nani? "Mgodi. Wamekununua, au umeogopa. Miaka hamsini nangoja useme kweli. Umeisema, sasa unataka kuila." Nikapiga magoti. Dada yangu hajawahi kuniona nimepiga magoti, hata siku tulipomzika mama yetu. Akapanda kitandani, akajifunika shuka, akageukia ukutani. Kutoka mguu wa kitanda kile hadi mdomo wa shimo ni hatua moja.

Nikakimbilia kwenye geti la mgodi. Mlinzi wa pale nimempigia porojo miaka kumi, kila nikipita namwachia moja. Aliponiona natweta akaanza kucheka kabla sijafungua mdomo. "Leo umetuletea ipi, mzee?" Nikamwambia kuna watu watatu shimoni chini ya nyumba yangu na dada yangu juu yao, simamisheni baruti. Akacheka hadi akashika uzio. Akamwita mwenzake, "Njoo usikie, leo kapindukia!" Nikawaapia. Nikalia, mpwa wangu, machozi yenyewe. Yule wa pili akasema, "Huyu mzee alipotea njia, angekuwa mwigizaji." Wakanipa maji ya kunywa.

Nikarudi nyumbani, nikainama kwenye mdomo wa shimo, nikawaita wale watatu wapande, hakuna kitu, kinu ndicho kilichotudanganya. Kisha fundi wa visima akasema, taratibu, "Tumefika sasa, ndiyo hakuna kitu? Ulipotuita kulikuwa na kitu. Tulipofukua mita kumi na nane kwa mikono kulikuwa na kitu. Leo tunasikia mshipa unagonga, unatutaka tuondoke ubaki nao." Nikasema anayegonga ni watu. Mmoja wa wale Mchwa akasema, "Wewe si ulisema ni mwangwi?" Fundi akaniambia, "Shuka. Mpasua miamba daraja la kwanza, shuka utuambie hapa hapa, macho kwa macho, na sisi tutapanda." Wakacheka, wakaendelea kugonga. Wanajua sishuki.

Ndipo nikaona ukweli umenishinda, nikarudi kwenye fani yangu. Nikatoka nje, kisha nikaingia tena kwa mama yako nikiwa nimeshika kichwa. Nikamwambia utingo ameleta ujumbe: umeshikwa na uchungu kabla ya siku, damu inatoka, unaita mama. Mpwa wangu, aliruka kitandani kama msichana. Hakuuliza neno. Amevaa kiatu kimoja cha kwake na kimoja changu, na sasa hivi yumo ndani ya basi, kiti cha dirishani, midomo inamchezacheza anakuombea. Mungu asikushike kwa maneno yangu, wewe wala huyo mtoto. Yalinitoka kirahisi hata nikajiogopa.

Barua hii nampa utingo akukabidhi mkononi, huko hospitali. Nikimpa mama yako ataifungua kabla basi halijapiga honi, na atateremka.

Akifika atalitazama tumbo lako, atajua. Ataanza kunitukana. Usimkatishe. Mwache anitukane hadi achoke, mvue viatu hivyo, mpe chai. Mengine yafuate baadaye, polepole.

Dereva amewasha gari. Kutoka hapa hadi nyumbani ni mwendo wa nusu saa, nikikimbia robo. Itanibaki nafasi ya kushuka, kuwatazama machoni kama walivyotaka, na kupanda nao. Nimemuuliza utingo mtu anayeshuka kwa kamba hutanguliza mkono gani, akasema, "Mzee na vituko vyako."

Nikiwahi, nitakuandikia kesho, na itakuwa barua ndefu, unanijua. Nisipowahi, watu watasema mzee aliikimbilia dhahabu yake akafa nayo. Usibishane nao. Kwa jinsi wanavyonijua, hata mimi ningesema hivyo. Lakini mama yako mwambie nilikuwa najua. Mwambie nilijua kabisa kwamba kule chini hakuna kitu ila watu watatu, nikashuka.

Mjomba wako